Kaseti 140 za marehemu mzee na MP3 elfu 11, naomba muongozo kabla sijaharibu zaidi

MtotoWaNgamiani

Wakuu habari za jioni, wakubwa zangu shikamooni.

Mzee wangu alitangulia mbele za haki mwaka jana mwezi wa nane. Nyumbani ni Tanga, na kwenye kugawana majukumu mi nimeangukiwa na muziki wake, eti kwa sababu mi ndo mtu wa kompyuta. Na mzee alikuwa mtu wa muziki hasa, dansi na taarabu, jioni akiweka kaseti yake pale barazani hamuongei, ukiongea anakuangalia tu mpaka unanyamaza mwenyewe.

Sasa nimefungua kabati. Kaseti nimehesabu 140 na ushee, nyingine hazina makava, nyingine zina kava la kaseti nyingine, na kuna alizorekodi mwenyewe redioni. CD kama 60 hivi, nusu yake zile za kuchoma. Afu kuna laptop yake ya zamani ina MP3 elfu 11 na mia kadhaa, alikuwa anajaziwa na vijana wa mjini kwenye flashi miaka hiyo, na majina yake sasa ndo balaa: Track 01, Track 02, Unknown Artist, "sikinde nzuri", "sikinde nzuri 2", "SIKINDE NZURI ORIJINO". Na WMA (fomati nyingine ya muziki) pia zimo humo humo.

Jamaa mmoja wa duka la kuburn nyimbo akanambia nikonveti kila kitu kiende FLAC maana FLAC ndo fomati ya kuhifadhia. Nikafanya wikiendi mbili nzima, nimefika kama 2,300 laptop ikajaa. Faili lilikuwa MB 4 limekuwa MB 25 na kwa masikio yangu haya sisikii tofauti yoyote. Nikaanza kufuta zile MP3 za mwanzo ili nipate nafasi, nimefuta kama 400 ndo roho ikaanza kuniuma nikasema ngoja kwanza niulize wenye kujua.

Kwa hiyo swali: nimeharibu? Na hizi kaseti nazianzaje, na mwisho wa siku nipange vipi ili hata mwanangu akitaka kumsikiliza babu yake alichokuwa anasikiliza akipate bila kunipigia simu?

FundiWaDeki

Simama hapo hapo mkuu. Usifute tena hata moja. Na pole sana kwa msiba.

Chukulia nazi. Tui la kwanza ukishalikamua likanyweka, ile chicha iliyobaki hata uitie kwenye sufuria kubwa namna gani ujaze maji mpaka juu, tui zito halirudi. MP3 ni hivyo hivyo. Aliyeitengeneza MP3 alishatupa sehemu ya sauti ili faili liwe dogo, na kilichotupwa kimeenda. Ukiipeleka FLAC unapata sufuria kubwa yenye maji mengi, ndo hiyo MB 25 yako. FLAC haipotezi kitu, ni kweli, lakini maana yake haipotezi kitu kutoka kwenye *ulichoipa*. Ukiipa CD inakutunzia CD, ukiipa MP3 ya 128 (kbps, kipimo cha ubora, kubwa ndo bora) inakutunzia MP3 ya 128 kwa uaminifu mkubwa sana na kwa gharama ya disiki yako.

Kwa hiyo huyo jamaa hakukudanganya sana, alikwambia nusu. FLAC ni kwa vitu unavyovitoa kwenye chanzo: kaseti, CD, santuri. Kitu ambacho tayari ni MP3 kinabaki MP3, WMA inabaki WMA (kama simu haiipigi tengeneza kopi ya kusikilizia, ile ya mwanzo usiiguse).

Zile 400 ulizofuta sasa. Kwanza kaangalie kwenye kapu la taka la kompyuta, watu wengi wanasahau. Kama hazipo, basi zile FLAC ulizotengeneza kutoka kwao zitunze, sauti iliyomo ndo ile ile ya MP3 haijapungua. USIZIRUDISHE kuwa MP3, maana hapo ndo utakamua tena kwa mara ya pili. Ziweke folda lake uandike "zilitoka MP3" ili baada ya miaka kumi asije mtu akadhani ni za CD. Hizi nyingine 1,900 ambazo MP3 zake bado zipo, futa hizo FLAC tu, hazina kazi.

mdau_tu

Kwani mkuu si uzitafute tu YouTube zote zipo siku hizi, unajitesa bure

FundiWaDeki

@mdau_tu zipo mpaka siku aliyeziweka atakapozitoa. Na nusu ya zilizopo zimetoka kwenye kaseti kama hizi hizi za mzee wake, mtu mmoja tu alikaa chini akazitoa. Afu zile alizorekodi mzee mwenyewe kutoka redioni YouTube utazitafuta kwa jina gani?

BintMvita

Assalam aleikum, pole ndugu yangu, Mungu amrehemu baba.

Mimi niko Mombasa na hii kazi nimeifanya, kaseti za taarabu za nyumbani kwetu, za Mbwana Radio na nyengine za harusi zilizorekodiwa na mtu tu na redio yake. Nakupa yale niliyojifunza kwa kuharibu.

Kaseti kwanza, MP3 zitakungoja. Faili halizeeki likikaa likatunzwa lakini mkanda unazeeka kila siku, na sisi wa pwani ndio tuna shida zaidi kwa sababu ya unyevu. Fungua kila kaseti uitazame kwenye mwanga, ukiona kitu cheupe kama unga juu ya mkanda hiyo ni ukungu, usiitie kwenye deki kabisa maana utaisambaza kwa kaseti zote zitakazofuata. Itenge kwenye mfuko wake, na ukizishika hizo vaa barakoa. Zile nzima, kabla hujafanya lolote vunja vile vijino viwili vya nyuma ili hata mtu akibonyeza kurekodi kwa bahati mbaya isikubali. Mimi nilipoteza dakika nne za marehemu nyanya yangu hivyo, mtoto alibonyeza.

Halafu mashine. Usinunue yale madude ya plastiki ya USB yanayouzwa rahisi, yale yanayumba, sauti inapanda inashuka kama mtu anaimba ndani ya matatu. Tafuta deki ya kweli, hata ya mtumba, umpelekee fundi akubadilishie belti. Safisha hedi (kile kinachosoma mkanda) kwa pamba ya masikio na spiriti, ile yenye alkoholi nyingi, safisha kila baada ya kaseti mbili tatu, utashangaa inavyotoka hudhurungi. Kila kaseti kabla ya kuicheza ipeleke mbele mpaka mwisho kisha irudishe mwanzo, mkanda ulokaa miaka 30 umejibana, ukiucheza moja kwa moja unavutika au unatafunwa.

Na hili ndilo wengi hawalijui: kuna skrubu ndogo pembeni ya hedi. Kaseti ilorekodiwa kwa redio moja ikichezwa kwa nyengine hedi zao hazikai sawasawa, sauti inakuwa nzito kama mtu ameziba mdomo na shuka. Watu wanadhani kaseti imekufa. Weka sauti iwe mono, zungusha ile skrubu kidogo sana kidogo sana huku wasikiliza zile s na sh za muimbaji, pale zinapotoka kali ndipo hapo hapo. Nimefufua kaseti tulizokuwa tumeshazitupa.

Kurekodi: 24 biti, 96 kHz, ndiyo wanayopendekeza watu wa nyaraka za sauti duniani, IASA. Usisafishe kelele. Rekodi vile ilivyo.

FundiWaDeki

@BintMvita umeongea kila kitu dada, ila hapo kwenye 96 niachie kidogo. IASA hao hao wanasema 48 ndo kiwango cha chini kinachokubalika, na kwa kaseti ya kawaida ya nyumbani, tena iliyorekodiwa kutoka redio ya masafa ya kati, hakuna sauti ya juu humo ya kuhitaji 96. Ile redio yenyewe ilikuwa inakata mapema. Kwa mtu wa nyumbani mwenye disiki moja 24/48 inatosha sana. 24 ndo muhimu, kwa sababu inakupa nafasi ya kurekodi kwa sauti ya chini bila hofu.

Hesabu: kaseti ya dakika 60 kwa 24/48 ni kama GB 1 ikiwa WAV, kwa 96 ni GB 2. Kaseti 140 ni GB 140 au 280. Ukishaiweka FLAC inapungua tena, karibu nusu au theluthi moja inaondoka. Disiki ya TB 1 inakula zote.

BintMvita

Kama ni GB 280 peke yake na disiki ni TB 1 mbona unambania mwenzio? 😂 Kazi yafanywa mara moja. Hatarudi tena kuzicheza.

FundiWaDeki

Hapo umenifunga. Basi mwenye kaseti aamue.

Mkuu kuhusu kuunganisha, deki yako nyuma ina matundu mawili nyekundu na nyeupe ya kutolea sauti. Usichomeke kwenye tundu la maiki la laptop, lile mara nyingi ni la mono na linakuza sauti mno mpaka inapasuka. Nunua saundi kadi ndogo ya USB yenye matundu ya kuingiza sauti hiyo hiyo nyekundu na nyeupe. Kwenye kompyuta weka Audacity, ni bure. Sikiliza kwanza mahali penye kelele zaidi kwenye kaseti, tarumbeta zikiingia zote, urekebishe mshale uishie kama -6 dB hivi usiguse 0. Sauti ikipasuka wakati wa kurekodi imepasuka, huirudishi. Ikiwa ndogo utaipandisha kwenye kopi. Rekodi upande mzima bila kukata, upande mmoja faili moja. Kama deki ina kitufe cha Dolby (cha kupunguza kelele) kizime, redio kaseti zetu nyingi zilikuwa hazina hiyo kitu, ukikiwasha unafunika sauti bure.

MtotoWaNgamiani

Aisee asanteni sana, kapu la taka lilikuwa na MP3 312 kati ya zile 400!! Nimerudisha zote, nilikuwa sijalala vizuri.

Nimeshapata deki ya mtumba, fundi kabadilisha belti. Nimepiga hesabu, kaseti 140 kwa saa moja moja ni saa 140, nikifanya mbili kila usiku ni siku 70, miezi miwili na ushee bila kukosa. Haina noma. Vijino nimevunja vyote jana na mwanangu kanisaidia, kafurahi kweli.

Nimeenda na 96 (dada kashinda).

Sasa kinachonitisha ni majina. Kwa mfano nina kaseti moja mzee kaandika "NUTA", nyingine "Juwata", nyingine "Msondo", na kwenye MP3 kuna "OTTU Jazz". Hizi ni bendi nne nizifanyie folda nne? Na kuna programu inaitwa Picard niliambiwa inajaza majina yenyewe, nimeiwasha kwa nyimbo 50 imezitambua 6 na katika hizo 6 moja kaiita ya Kongo.

KijanaWaZamani

Kijana wangu, salaam. Mimi kompyuta sijui sana lakini hapo kwenye bendi nakusaidia.

Hiyo ni bendi moja. Ilianza 1964 ikiwa chini ya chama cha wafanyakazi, NUTA, ikaitwa NUTA Jazz. Chama kilipobadilika kuwa JUWATA mwishoni mwa miaka ya 70 bendi nayo ikawa JUWATA Jazz, kikaja kuwa OTTU mwaka 1991 nayo ikawa OTTU Jazz, na baadaye ndiyo Msondo Ngoma ambalo hata huko nyuma watu walikuwa wanaliita hivyo hivyo Msondo kwa sababu ya mtindo wao. Kwa hiyo usiipe jina moja ukafuta mengine, kwa sababu jina ndilo linalokueleza wimbo ni wa lini. Mtangazaji akisema "JUWATA" ujue si kabla ya mwisho wa miaka ya 70 na si baada ya 1991. Na akisema ni Redio Tanzania Dar es Salaam basi ni kabla haijaunganishwa na televisheni ya taifa kuwa TUT na baadaye TBC. Umeona? Kwa hiyo pale mtangazaji anapoongea USIKATE. Vijana mnapenda kukata mnasema mnasafisha, mnakata cheti cha kuzaliwa.

Jambo la pili usipange kwa muimbaji, utachanganyikiwa. Chukua Muhiddin Maalim Gurumo, alikuwa NUTA na JUWATA, mwaka 1978 akaenda kuanzisha Mlimani Park, ndiyo Sikinde, 1985 akaenda Safari Sound wakawa na mtindo wa Ndekule, kisha akarudi Msondo. Hassan Bitchuka huyo ndiyo usiseme, Sikinde na Msondo alikuwa anapita kama mtu anayekwenda nyumba ya jirani kuomba moto. Sasa ukimwekea folda Gurumo utaiweka wapi bendi? Panga kwa bendi, jina la bendi kama lilivyokuwa siku hiyo, na waimbaji waandike ndani.

Na kwenye taarabu mambo ni mengine, pale ni kikundi na muimbaji, Black Star ya kwenu Tanga, Lucky Star, Culture, Ikhwani Safaa, na mtunzi wa shairi pia muandike maana mara nyingi si yule anayeimba. Mtunzi anasahaulika kila siku.

FundiWaDeki

Mzee shikamoo, hiyo ya cheti cha kuzaliwa naichukua.

Mkuu alichosema mzee kikompyuta kinakaa hivi. Tofautisha vitu viwili, jina la faili na tegi, yaani maelezo yaliyo ndani ya faili. Jina la faili la masta (rekodi ya kwanza ya kuhifadhi) liwe la kijinga kabisa, namba tu: bandika stika kwenye kila kaseti, 001 mpaka 140, na faili iitwe KST-001-A.flac, KST-001-B.flac. Weka sifuri mbele la sivyo kompyuta nyingine zitaipanga 10 kabla ya 2. Hii namba haibadiliki milele hata ukigundua kesho kwamba ulichodhani ni Sikinde ni Vijana Jazz. Piga picha kava mbele nyuma na maandishi ya mzee kwenye kaseti yenyewe, ipe namba ile ile. Mwandiko wa mzee nao ni nyaraka.

Afu fungua Excel, mstari mmoja kwa kila upande: namba, alichoandika mzee (neno kwa neno, hata kama amekosea), unachosikia wewe, bendi, waimbaji, mtunzi, mwaka, *umejuaje*, hali ya mkanda. Hiyo kolamu ya "umejuaje" watu hawaiweki na ndo inayookoa. "1983, mtangazaji kasema" na "1983, mjomba anadhani" sio kitu kimoja.

Baada ya hapo ndo unatengeneza kopi ya kusikilizia, unakata wimbo mmoja mmoja, unasafisha kelele ukitaka, unatoa MP3 ya 320 au Opus (fomati nyingine ya faili dogo) ya 128 kwa ajili ya simu. Kopi hiyo ndo unaipanga kwa Bendi / Mwaka - Kaseti / 01 Wimbo. Ikiharibika unatengeneza nyingine. Masta haiguswi, iweke isomeke tu isiandikike.

Picard inatambua wimbo kwa alama ya sauti kutoka hazina ya MusicBrainz, na nyimbo zetu za zamani wengi hawajaziingiza kule ndo maana inakosa. Isikujazie yenyewe. Tumia Mp3tag uandike kwa mkono, ina maana ukichagua nyimbo 20 unaandika bendi mara moja zinapokea zote. Na chagua tahajia moja tu: Mbaraka Mwinshehe nimeshamuona kwa namna nne, Mwinyshehe, Mwinshee, hata kwa jina lake jingine Mwaruka, na kila namna simu inamfanya mtu mwingine. Alama ya kuuliza na nukta mbili usiziweke kwenye jina la faili, Windows inazikataa, wimbo wenye swali andika bila alama, alama ibaki kwenye tegi.

mdau_tu

Kumbe kuna mambo eeh. Ile elfu 11 sasa anaifanyaje, nyingi si zinajirudia

FundiWaDeki

Zinajirudia sana. Pitisha dupeGuru, ina sehemu ya muziki. Ila isifute yenyewe, ikuonyeshe tu. Na usiamini namba ya 320, kuna vijana walikuwa wanachukua MP3 ya 128 wanaikonveti 320 ili ionekane kali. Ichek kwa Spek, inakuchorea picha ya sauti. Ya 128 kawaida inakatika kama kisu pale 16 kHz. Ukiona faili limeandikwa 320 na juu ya 16 ni weusi mtupu, ujue umeuziwa chicha. Ya redio itakatika hata chini ya hapo na hiyo sio kosa la mtu.

CD za kuchoma nazo zitoe mapema, tena kabla hata hujamaliza kaseti, rangi yake inakufa bila kukuaga. Tumia Exact Audio Copy, inasoma polepole na kurudia palipokwaruzwa. CD za duka itazilinganisha na walizotoa watu wengine ikwambie kama imesoma sawa. Hizo ndo unaziweka FLAC kwa raha zako.

Kipanga_wa_Thika

Sasa boss mtu wa Tanga, nimesoma hii yote na hakuna mtu ameuliza hizo file utaweka wapi. Niliwahi kupoteza kazi ya mwaka mzima kwa external moja iliyoanguka kutoka kwa meza, mita moja tu, kwisha. Kwa hivyo: kopi tatu, kwa vitu viwili tofauti, na moja isiwe kwa hiyo nyumba. Disiki moja yako, disiki ya pili ikae kwa dadako ama kwa binamu mji mwingine, ya tatu kama una bando weka mtandaoni hata kama ni masta pekee. Flash disk sio mahali pa kuhifadhi, ni ya kubebea. Na ukinunua ya "2TB" kwa bei ya soda jua ndani ni 32GB, imeandikwa uongo, itakubali ukopi zote halafu ukifungua ni hewa. Kuna programu H2testw, inaijaza yote kisha inaisoma tena, ipitishe kwa kila disiki mpya kabla uiamini.

Na mara moja kwa mwaka chomeka disiki ufungue. FLAC iko na kitu safi sana, ndani yake imeandikwa alama ya MD5 ya hiyo sauti, kwa hivyo unaiambia ijipime yenyewe na itakwambia kama kuna kitu imeharibika hata biti moja. WAV haina hiyo, ndio maana mimi masta naweka FLAC.

BintMvita

Na kaseti zenyewe msizitupe baada ya hapo jamani! Zisimamishe wima kama vitabu, mkanda umezungushwa wote upande mmoja, mbali na spika na mbali na ukuta wenye jua.

mdau_tu

Akimaliza atuwekee link basi tujipakulie sote 😁

KijanaWaZamani

Hapo pole pole. Hao wanamuziki wengine wapo hai, na waliofariki wana watoto, na sheria ya hakimiliki ya 1999 ipo. Kuhifadhi nyumbani kwake ni jambo moja, kuzimwaga ni jingine. Lakini zile zisizojulikana anaweza kutuwekea nusu dakika hapa tumsaidie kutambua, masikio yapo.

MtotoWaNgamiani

Wakuu nimerudi, wiki tatu zimepita. Nimefika kaseti ya 38, mbili zimetafunwa nikaziokoa kwa kalamu ya Bic, moja ina ukungu nimeitenga. Disiki ya pili iko kwa dada Moshi. Excel nimeipenda kuliko muziki wenyewe sasa hivi.

Ila nina kitu nataka kuuliza. KST-031-B, mzee hakuandika chochote juu yake. Nimeiweka najua itakuwa tupu, mara nasikia sauti ya mzee, kijana kabisa, "moja mbili, moja mbili, inaingia hii?" Kumbe alikuwa anarekodi redio kwa maiki ya redio nyingine. Mtangazaji anasema JUWATA Jazz kabisa nimesikia, wimbo unaanza, na mzee anaanza kuimba juu yake dakika nzima, anapotea maneno anacheka, nyuma kuna mwanamke anapiga kelele chakula kinapoa. Sauti yake nilikuwa sijaisikia tangu mwaka jana. Nilizima nikatoka nje kidogo.

Sasa hii naiandikaje? Ni JUWATA au ni nini?

FundiWaDeki

Dah.

Bendi andika JUWATA Jazz, muimbaji ongeza jina la mzee, FLAC inakubali majina mawili. Na huyo anayeita chakula usimkate.

KijanaWaZamani

Mwaka utaupata kwa mama. Mpigie simu umchezee, usimwambie kwanza ni nini.

MtotoWaNgamiani

Nimempigia sasa hivi. Kanyamaza mpaka mwisho afu kaniuliza huyo mwanamke ni nani. Nikamwambia si wewe mama? Akasema mimi sikuwahi kumpigia baba yako kelele za chakula, huyo ni wifi yangu, hapo nilikuwa sijaolewa bado. Ameolewa 1986.

Kwa hiyo mwaka nimeandika "kati ya mwisho wa miaka ya 70 na 1986", umejuaje: "mtangazaji kasema JUWATA, na mama kasema sio yeye". Anayeita chakula nimemuandika shangazi, kesho namtumia kipande chake athibitishe.